Kompyuta ya Kumi na Nne

Naikumbuka siku moja, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Fundi Saidi, Mngazija aliyenifundisha kazi ya kompyuta pale Mahajanga, alinituma kisiwani Nosy Be, kwenye shule moja ya mji wa Andoany. Kompyuta kumi na tatu za darasani zilitakiwa kupokea nakala ya diski moja kwa njia ya mtandao, zote kwa mpigo. Aliniambia, "Mariamu, usiliondoe lile swali." Ni lile linalotokea kwenye skrini kabla ya diski ya kompyuta kufutwa ili nakala iingie: ndiyo au hapana?

Nikaliondoa. Niliona uvivu kuzunguka meza zote nikibonyeza ndiyo, na isitoshe nilijiona bingwa. Nikapanga kila kompyuta itakayowaka kwenye mtandao ule ipokee bila kuulizwa.

Umeme ukakatika, kama kawaida ya kule. Uliporudi, mashine zikawaka, nakala ikaanza kwenda, halafu ikagota kwenye asilimia tatu. Nikachomoa waya, nikachomeka. Nikazima seva, ile mashine inayotuma nakala, nikawasha. Inagota palepale. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni ananitazama, nami jasho linanitoka. Ndipo nikasoma vizuri skrini ya seva: wanaopokea, kumi na wanne. Nikahesabu meza. Kumi na tatu. Nikahesabu tena kwa kuzigusa.

Nilimkuta Madamu Soa, karani wa shule, ofisini kwake chumba cha pili, amesimama mbele ya kompyuta yake, nayo imeunganishwa na mtandao uleule. Akaniuliza kwa Kimalagasi, taratibu, majina ya watahiniwa yamekwenda wapi. Waya wake mbovu ndio uliokuwa ukizichelewesha nyingine zote, maana seva huisubiri iliyo nyuma. Lakini asilimia tatu zilitosha kuifuta orodha hiyo ya majina, na orodha ilikuwa iondoke na boti ya asubuhi kwenda bandari ya Antsahampano, ng'ambo.

Tukaiandika upya kutoka kwenye fomu, yeye akisoma, mimi nikichapa, mpaka vidole vikafa ganzi. Boti tuliiwahi. Nikashusha pumzi mapema mno.

Baada ya wiki mbili habari ikafika Mahajanga. Fomu ya msichana mmoja, Anziza, ilikuwa imerudishwa kwao ikatiwe sahihi ya baba. Jina lake lilikuwa ndani ya ile kompyuta tu. Mtihani ulimpita.

Fundi Saidi hakunikaripia. Alinipa nauli, akasema, "Nenda ukamwambie mwenyewe." Nikaenda. Anziza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Dada, mwaka wangu nitaupata wapi?"

Basi nisikilize, mwanangu. Jaribu kwa mashine moja kwanza. Kazi ikikwama, soma kilichoandikwa kabla hujaanza kuchomoa ovyo. Wahesabu wanaopokea, na akizidi hata mmoja, simama umtafute. Swali lililowekwa kabla ya kufuta, liache palepale, hata likikuchosha. Mungu akupe mkono usio na pupa, na kazi yako isimkwamishe mtoto wa mtu. Amina.