Pombe ya Mezani na Mtoto wa Neema

Siku ile ya Xintang, mji wa viwanda karibu na Guangzhou, haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimekuja China kununua suruali za jinsi pamoja na Neema wa Mbeya na Bi Zuhura wa Kariakoo, aliyetufundisha soko. Neema alikuwa mjamzito na alituficha, akiogopa tutamrudisha nyumbani.

Bei ilipokubaliwa, laoban, yaani mwenye kiwanda, akatuita mezani kama kawaida yao. Akamimina pombe kali, akasema, "Ganbei," maana yake mkaushe glasi. Mimi na Bi Zuhura, Waislamu, tuliinua chai. Neema akakausha, kama alivyofanya wiki nzima kila kiwanda. Mara akakimbilia chooni kutapika. Tukamfuata.

Bi Zuhura akamgusa tumbo. "Mimba hii?"

"Ndiyo, Bi mkubwa. Usimwambie laoban, akiona sinywi atapandisha bei."

"Apandishe mpaka dari. Huyo wa tumboni unayemnywesha anajua bei?"

Neema akamshika Bi Zuhura mkono. "Na zile nilizokwisha kunywa?"

"Sijui. Kesho tunakwenda kwa daktari, na unamwambia zote."

Kesho yake tukampeleka, naye akamwambia daktari zote.

Mtoto alizaliwa mzuri. Hofu ilikuja baadaye: usiku hapati usingizi, umtume chumvi anasahau mlangoni, hasira zikimpanda hata mama yake hamjui. Mimi niliishia darasa la nne, na duka langu la Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, nimelisimamisha kwa miguu yangu, lakini daktari wa huyo mtoto alipoeleza nilielewa. Pombe humfikia mtoto kwa damu ya mama, na ini lake changa haliwezi kuiondoa. Ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, za kutulia, za kuamka, za kukumbuka. Pombe na madawa ya kulevya huzivuruga ubongo ukiwa ndio unajengwa, na mengine hayarekebishiki. Akasema huenda ndiyo sababu. Huenda tu. Mpaka leo Neema humtazama mwanawe na kujiuliza ni glasi ipi.

Kwa hiyo nawe ukienda huko ukiwa na mimba, au huna hakika, funika glasi useme wazi: nina mtoto tumboni. Laoban mwenye akili atakumiminia maji ya moto ya kunywa. Akinuna, viwanda vya jinsi vimejaa pale. Bangi na unga wa kulevya vilevile, usiguse. Kama umeshakunywa, acha leo, usijifiche. Kuacha kukikushinda, mwambie daktari, hakuna aibu.

Mungu akulindie kiumbe utakachobeba, mwanangu, akizaliwa alale usingizi mzito, na wewe ulale bila swali kama la Neema.