Mtoto Aliyeitwa Mvivu

Mdogo wangu alianguka kutoka kwenye trela ya miwa hapa Awendo akiwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja, na ndiye niliyempandisha juu achomoe mua, maana nilikuwa mwerevu na sikutaka kushikwa na dereva mimi mwenyewe. Trekta liliondoka ghafla, naye akatua kwa kisogo. Alilala kimya kwa muda, kisha akaamka akauliza mua uko wapi. Nikaona amepona.

Jioni alitapika mara tatu. Mama alimpeleka kwa daktari wetu, yaani muuza dawa wa sokoni mwenye koti jeupe. Alipapasa kichwa akitafuta damu, akaikosa, akatangaza kwamba mtoto ni mzima. Tulirudi tumefurahi. Kwa elimu yetu, kichwa kisichopasuka hakina shida.

Darasa la kwanza na la pili alipita vizuri tu. Masomo yalipoanza kuwa magumu, akaanza kubaki nyuma. Alisoma ukurasa, na akifika chini, ya juu yameshamtoka. Kelele za darasa zilimuumiza kichwa. Akitumwa chumvi, alirudi na sabuni. Akikosolewa kidogo, alirusha sahani, kisha akalia kuliko sisi tuliorushiwa.

Wataalamu hawakukosekana. Mwalimu wake aligundua uvivu, akautibu kwa kiboko. Shangazi aligundua pepo, akampeleka kwenye maombi ya siku tatu bila kula, matibabu mazuri kabisa kwa ubongo ulioumia. Baba aligundua kwamba amefuata ukoo wa mama. Mimi niliyejua zaidi ya wote nilinyamaza miaka sita. Huo nao ni ujuzi.

Kisha, tukiwa kwa mama mdogo Homa Bay, alianguka jikoni akatetemeka mwili mzima. Hospitalini, daktari mmoja wa kike aliuliza swali ambalo wataalamu wetu wote hawakulifikiria: je, aliwahi kuumia kichwa?

Mama alisema hapana.

"Aliwahi," nikasema. "Alianguka kutoka kwenye trela. Mimi ndiye niliyempandisha."

Mama aligeuka akanitazama. Daktari naye hakunifokea, jambo lililoniumiza zaidi. Alitueleza kwamba ubongo wa mtoto bado unajengwa. Sehemu inayopanga mambo na kuzuia hasira huchelewa kukomaa, kwa hiyo ikiumia mapema, hasara huonekana siku inapohitajika kufanya kazi. Mama aliuliza kama tungejua mapema angepona.

"Hilo siwezi kuahidi," daktari akajibu. "Lakini asingechapwa."

Alimwandikia dawa za kifafa na barua ya shule: akae mbele, apewe maagizo mafupi, apumzike kichwa kikichoka. Mama hakunisemesha hadi tulipofika Rongo, njiani kurudi nyumbani. Hapo aliniuliza kama nina njaa, na nikajua nitaishi.

Mwalimu aliisoma barua mara mbili, akasema kwamba yeye siku zote alishuku kuna kitu. Tulimshukuru kwa kushuku.

Sasa mdogo wangu anashona sare za shule Homa Bay. Kila kipimo anakiandika ukutani kwa chaki, na saa saba mchana anafunga mlango alale. Wateja wanasema anaringa. Anawaacha waseme, anageuza mto upande wa baridi.