Kamba ya Kiunoni mwa Kabwe

Siku niliyoikata ile kamba siisahau, mwanangu, na kwa kuwa kesho unaanza kazi ya uuguzi, utanisikiliza mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kila kitu kilipoanguka hapa Likasi. Nilikuwa muuguzi kijana katika zahanati moja ya mtaa wa Panda, kiburi kimenijaa. Mama Kabwe akaniletea mwanawe, Kabwe, wa miaka mitatu.

"Minye namuoshaka kila siku," akasema. "Iko na kitu ya nguvu kama jiwe mu tumbo, huku kushoto. Hii kamba ya kiuno nimeilegeza mara mbili, na mikono inakonda tu."

Nikagusa. Bandama! Nani wakati ule hakuwa na mtoto mwenye bandama iliyovimba kwa malaria? Nikaandika kwinini, nikachukua mkasi, nikaikata ile kamba nikisema ni uchafu. Aibu yangu hiyo, wala siifichi.

Alirudi mara ya pili, nikamfukuza. Mara ya tatu akakaa chini mlangoni. "Siendi," akasema.

Baba Mwansa, muuguzi wetu mzee, akatoka. Akaweka kiganja kimoja mgongoni mwa mtoto na kingine tumboni, taratibu, mara moja tu. Nami nikanyoosha mkono nifinye, akanichapa vidole.

"Weye, acha! Ikipasuka ndani utafanya nini? Bandama inashukaka na pumzi. Hii inatoka nyuma, ku figo. Kamba yake iko wapi?"

"Nimeikata, Baba."

"Umekata kipimo ya mama."

Mkubwa wetu akasema filamu za eksirei hakuna, dawa hakuna, mtoto arudishwe kwao. Baba Mwansa akawaka. "Filamu zimeisha, mikono bado!" Akaandika barua kwa wapasuaji, juu yake kwa herufi kubwa: MSIFINYE. Siku hiyohiyo mama na mtoto wakapanda lori la saruji kwenda Lubumbashi. Wapasuaji wakamtoa figo hiyo pamoja na uvimbe wote, mzima, haukupasuka.

Waliporudi, Mama Kabwe alinipa kamba mpya. "Funga weye mwenyewe," akasema. Nikaifunga, machozi yananitoka.

Basi sikia. Mama akikuambia tumbo limebadilika, mwamini kwanza. Gusa mara moja, kwa upole. Uliza kama mkojo una damu. Usimwachie kila mtu afinye, umpeleke upesi kwa wapasuaji. Watakuambia nchi imekufa, hakuna la kufanya. Wakatalie! Kabwe ndiye yule fundi aliyekutengenezea baiskeli jana.

Mungu aipe mikono yako utulivu, mwanangu, na mdomo wako aujalie ubishi.