Barua za Katibu

Chama chetu cha wakulima wa ndengu pale Kyuso kilipoanza kutumia barua pepe, nilipewa mimi kuisimamia, kwa kuwa ni mimi tu niliyesomea kompyuta. Kila mwanakamati nilimfungulia akaunti yake.

Mwaka uliofuata katibu wetu, mama mwenye maneno machache, alitangaza kwamba atagombea uenyekiti. Siku tatu baadaye mwenyekiti aliingia ofisini akafunga mlango.

"Badilisha paswadi ya katibu," akasema. "Nataka kuona anaandikiana na nani."

"Hizo ni barua zake, mzee."

"Ni za chama. Na wewe umeajiriwa na chama."

"Basi tuulize chama. Wanachama wakikubali yeye akiwepo, nitafungua."

Aliniambia nianze kutafuta kazi nyingine. Akatoka, na akaunti ya katibu sikuigusa.

Kwenye mkutano wa wanachama Alhamisi iliyofuata nilisimama kabla ya mwenyekiti, nikaeleza nilichoombwa. Kisha mama mmoja mfugaji wa mbuzi akamuuliza, "Mwenyekiti, ulikuwa unatafuta nini humo?" Akasema tuendelee na ajenda nyingine. Wanachama wakaamua barua za mtu zisifunguliwe bila yeye kujua, na uamuzi ukaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Katibu alishindwa kwenye uchaguzi, na mwenyekiti hanisalimii hadi leo. Kazi ninayo bado. Akirudi na ombi lile lile, atapata jibu lile lile.