Siku Nilipompima Kanali kwa Ndoano ya Buchari

Nyinyi hunicheka kila tukienda kula nyama choma na mimi naagiza maharagwe, mara mnasema nimeokoka, mara mnasema daktari amenikataza. Basi leo nitasema, lakini asinikatize mtu, maana nikikatizwa nitanyamaza na hamtasikia tena. Yule mtu wa Kayole aliyekutwa ndani ya buchari na mbwa akining'inia kwenye ndoano ni mimi. Na wale mliosikia kwamba tulikuwa wawili, mlisikia sawa, wa pili alikuwa Kioko, mwenye lile duka la nyama, na kosa halikuwa lake hata kidogo.

Hiyo ni miaka ya tisini, kabla ya simu za mkono, nikiwa karani kwenye kampuni moja ya mbao na nimepanga chumba kimoja katika ploti ya milango sita. Nilikuwa nampenda Nekesa, binti wa Mzee Wafula wa mtaa jirani, Mowlem. Nekesa mwenyewe alikuwa ameshakubali zamani, shida ilikuwa babake, msimamizi wa stoo katika kiwanda cha sabuni, mtu wa kofia na maneno machache, ambaye kwa mwaka mzima alinisalimia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Mimi Mkamba, yeye Mbukusu, lakini sidhani shida ilikuwa hapo, nadhani aliniona tu kuwa mtu wa mdomo mwingi (na hakukosea, mtaona).

Sasa Mzee alikuwa na mbwa wake, Kanali. Kwa Mzee, mbwa aliyekonda ni aibu ya mwenye boma, mpita njia akiona mbavu za mbwa anajua sufuria ya nyumba hiyo haijai. Kwa hiyo kila jioni alimsongea ugali wake Kanali kwa mkono wake mwenyewe, akamwagia mchuzi wenye mafuta, kisha akagonga sufuria kwa mwiko mara tatu, ko, ko, ko, na Kanali akaja. Miaka minne ya ko, ko, ko, mbwa akawa pipa. Akawa hawezi kupanda ngazi mbili za mlangoni bila kupumzika katikati. Daktari wa mifugo alimweka kwenye mizani, akasoma kilo thelathini na nane, akamwambia Mzee kwamba moyo wa huyu mnyama unabeba mbwa wawili, na asipopunguzwa hatamaliza mwaka.

Nilikuwepo Mzee aliposimulia hayo, na sijawahi kumwona mtu mzima akihuzunika vile. Alikuwa na likizo ya miezi miwili iliyolimbikizana, anaenda na Nekesa Bungoma kulima, na huku mjini angemwachia nani mbwa wa kupimiwa chakula? Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe.

"Niachie mimi, Mzee. Mbwa nawajua sana."

Mimi! Niliumwa na mbwa nikiwa darasa la tatu, na mpaka siku ile nilikuwa navuka barabara nikiona hata kijibwa. Nekesa alijua, akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mzee akavua kofia akaiweka mezani.

"Kijana," akasema, "nikirudi nimkute Kanali mzima na mwepesi, tutazungumza mambo ya Nekesa. Nikimkosa, mlango wangu usiujue tena."

Basi nikawa mlezi. Daktari alikuwa ameandika kila kitu: nusu ya ugali aliozoea, mboga ya kuchemsha bila mafuta, dagaa wa omena kidogo au nyama isiyo na mafuta, mifupa hapana, kutembezwa asubuhi na jioni. Nilipima ugali kwa kikombe. Nilichemsha sukuma wiki ya mbwa kabla ya kuchemsha yangu. Wiki ya kwanza Kanali alilia usiku kucha, nami nikaketi kitandani miguu juu nikimwogopa na kumwonea huruma kwa pamoja. Wiki ya pili nikagundua kwamba hapungui kwa sababu jirani yangu Mama Ndinda anampa mabaki ya githeri kwa siri, na nilipomwuliza akanijibu, "Wewe utaua kiumbe cha Mungu na njaa juu ya kutafuta bibi!" Nikazunguka milango yote sita nikiomba, nusura nipige magoti. Wakaacha, na kuanzia hapo Kanali akaanza kupungua kweli. Wiki ya tano alipanda ngazi bila kupumzika. Wiki ya saba alinikimbilia nikitoka kazini na sikuruka ukuta, nilimshika kichwa, na nusura nilie mbele ya watu wa ploti.

Mzee alituma neno kwamba angekuja Jumapili, na ndugu zake wawili. Jumamosi yake mchana, hofu ikanishika. Macho yangu yaliniambia amepungua, lakini Mzee ni mtu wa stoo, yeye haamini macho, anaamini mizani. Kule kwa daktari ni mbali, na matatu zilikuwa zimeshakataa kumbeba Kanali mara mbili. Ndipo nikamkumbuka Kioko. Tulikuwa tumetoka kijiji kimoja, na nyuma ya buchari yake kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mguu mzima wa ng'ombe. Uamuzi mdogo kabisa, ndugu zangu. Ni kama kuazima nyundo.

Kioko alikataa. Nikambembeleza. Akakataa tena, akasema, "Mutua, hii ni buchari, si hospitali." Nikamtajia mamangu, nikamtajia mamake, akashusha pumzi akasema basi tupite mlango wa nyuma, saa nane, wakati hakuna wateja, dakika moja tu, halafu atamwagia mizani maji ya moto. Nikatoboa gunia matundu manne ya miguu, nikamtia Kanali ndani, nikafunga kamba juu ya mgongo wa gunia, kichwa chake kikiwa nje, nikambeba mikononi na mkia ukichungulia kwenye tundu la mguu. Mama wa makaa aliyeuza pale uani akatuona tukiingia. Nikamsalimia vizuri kabisa. Akafunika makaa yake akaondoka mbio.

Kioko alikuwa anakata matumbo, aproni imejaa damu, kisu mkononi. Tukaliinua gunia na kulitundika kwenye ndoano, Kanali akining'inia kimya, ananitazama kwa yale macho yake ya kuniamini, na mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukatulia kwenye thelathini na nne.

"Thelathini na nne!" nikapiga kelele. "Kioko, kilo nne zimetoka!"

Pazia lililotenga nyuma na mbele likafunguka. Mama wa makaa alikuwa amezunguka mbele, na hakuja peke yake. Walikuwa wanawake watatu, na walichokiona ni hiki: mbwa kwenye ndoano, Kioko ameshika kisu, na mimi nacheka.

Ile nduru sitaisahau. "Wanatulisha mbwa! Woooi, Kayole, tumelishwa mbwa!" Kanali akashtuka, akarusha miguu, kamba ikakatika, akaanguka chini, akajiondoa kwenye gunia na kutoka mbio kwa mlango wa nyuma kabla sijanyoosha mkono. Wale wanawake nao walikuwa wameshakimbilia barabarani kuita watu. Kwa hiyo watu walipokuja, na walikuja haraka kuliko ninavyosimulia, walikuta gunia lenye manyoya ya mbwa, ndoano, damu, na mbwa hayuko.

Tukatolewa nje. Sijui nani alinivuta, najua tu shati lilibaki kola peke yake. Watu walikuwa wanazidi kuja, wengine wameshika mawe, na kila mmoja alikuwa amekula nyama kwa Kioko wiki ile.

"Mbwa ako wapi?" akauliza kijana mmoja mrefu.

"Ametoroka."

"Ametoroka akiwa kwa ndoano? Buda, unatuona mafala?"

"Tulikuwa tunampima tu kama amepungua! Yuko kwa dayati!"

Jamani, kuna maneno ambayo mtu asiseme mbele ya umati Kayole. Walicheka, kisha kile kicheko kikakatika. Kioko alikuwa kando yangu, midomo inamcheza, hasemi neno. Nikasikia mtu huko nyuma akiuliza petroli inauzwa wapi hapa karibu. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Nasema wazi kwamba niliomba kwa sauti, Kikamba na Kiswahili vimechanganyika, nikimtaja Nekesa na Kanali katika sala moja.

Umati ukafunguka upande mmoja. Akaja Mzee Wafula. Alikuwa amerudi siku moja kabla ya ile aliyosema, ndio kwanza ametoka safarini, amevaa koti, na jogoo wa zawadi kwapani, ndugu zake wawili nyuma, na Nekesa. Walikuwa wamepitia kwenye ploti yangu, na Mama Ndinda, aliyenichungulia nikitoka na gunia langu, akawaambia ukweli mtupu: "Mutua amempeleka mbwa buchari."

Mzee akatazama gunia. Akatazama aproni ya Kioko. Akamkabidhi ndugu yake jogoo, polepole.

"Kanali yuko wapi?"

"Baba, nilikuwa nampima..."

"Nimekuuliza yuko wapi."

Nekesa aliokota lile gunia, akayatazama yale matundu manne, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona ananiogopa. Mawe yote ya Kayole hayangeniumiza kuliko macho yale.

Mzee akageukia kibanda cha mama wa githeri kilichokuwa pale kando. "Mama, niazime sufuria na mwiko." Watu wakasogea karibu, wakidhani labda atanipiga nao. Akaishika sufuria juu, akagonga mara tatu.

Ko, ko, ko.

Hakuna. Akagonga tena. Hakuna, ila jogoo aliyelia. Yule kijana mrefu akasogea hatua moja karibu yangu. Mzee akainua mwiko mara ya tatu, na nikajua hanihoji mimi tena, anamlilia mbwa wake.

Ko, ko, ko.

Kando ya buchari kulikuwa na kibanda cha mabati ambamo Kioko aliweka beseni la matumbo yasiyooshwa. Mlango wake ukasukumwa kutoka ndani, polepole, na Kanali akatoka. Hakukimbia, hangeweza. Alitembea akiyumba, tumbo limejaa, utumbo mmoja umemning'inia shingoni mfano wa tai, akaja mpaka miguuni pa Mzee akaketi, akapiga mbweu.

Kicheko kilichotokea pale nadhani kilisikika mpaka Njiru. Watu waliangusha mawe wakishika mbavu. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi nikalia.

Lakini Mzee hakucheka. "Mpime nione," akasema. Kwa hiyo mizani ikaletwa nje, Kanali akarudishwa kwenye gunia, mbele ya Kayole nzima, wanaume wawili wakiishikilia mizani juu, na mshale ukasimama kwenye thelathini na sita na nusu.

"Ilikuwa thelathini na nne, Mzee, naapa!"

Kioko ndiye aliyeniokoa. Hapo ndipo alipopata sauti. Akasema matumbo ya kwenye beseni aliyapima asubuhi yakipokelewa, kilo tano, na yale aliyokuwa akikata yalikuwa mengine. Mzee akaagiza beseni lipimwe bila kubakiza tone, kisha chombo kitupu kipimwe peke yake. Yaliyobaki yalikuwa kilo mbili na nusu. Mtu wa stoo akafunga macho, midomo ikahesabu, akafungua.

"Thelathini na nne," akasema. Akavua kofia akajipangusa jasho. "Kijana, umemponya mbwa wangu. Na umeniaibisha mbele ya ndugu zangu kuliko mtu yeyote aliye hai. Jumamosi ijayo uje Mowlem na wazee wako." Akaondoka na Kanali, kisha akageuka. "Na msije na nyama."

Tulioana mwaka uliofuata. Lakini Kioko, ndugu zangu, hapo ndipo aibu yangu ilipo mpaka leo. Umati ulicheka ukaenda nyumbani, ila kesho yake hakuna aliyekuja kununua hata nusu kilo. Watu walimwona mbwa yuko hai, wakakubali, lakini mdomo ulikataa. Miezi minne baadaye alifunga akahamia Njiru, na hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo ni baya kuliko lawama.

Kwa hiyo nilishikilia kwamba nyama ya harusi itoke kwake, na apakue yeye mwenyewe. Siku ilipofika, watu wa Kayole walipanga foleni, wakachukua wali, wakachukua kabichi, na walipofika kwa sufuria ya Kioko wakapita wakiangalia pembeni. Kioko amesimama na upawa wake, aproni nyeupe mpya, hakuna sahani inayonyooshwa. Nilitaka ardhi inimeze na suti yangu.

Mzee Wafula akainuka kutoka meza kuu. Akaenda jikoni akatoka na sufuria tupu na mwiko, akasimama kando ya Kioko, akagonga mara tatu. Kanali akaja mbio, mwepesi, kilo thelathini na moja, akipita katikati ya viti vya wageni. Mzee akamwambia akae, akakaa pale kila mtu akimwona. Kisha Mzee akachukua sahani akainyoosha kwa Kioko, wa kwanza, na nyuma yake foleni ikaanza kurudi.

Mimi sikula. Tangu siku ile ya ndoano, nikiona nyama imening'inia naona yale macho ya Kanali yakiniamini. Basi niachieni maharagwe yangu. Na mtu akiniuliza leo kama najua mbwa, namjibu sijui, hata kama yuko mapajani mwangu.