Niliwaapia Watoto Kuwa Hakuna Atakayejua

(Jina la msomaji huyu na la shule yake tumeyaficha.)

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita, nafundisha darasa la tano hapa mjini Baraka, na tangu mwezi uliopita nikijiona kwenye kioo natamani kutema mate.

Alikuja Mzungu mmoja mtafiti, akitaka kujua kwa nini watoto wengi wanaacha shule. Aligawa karatasi, akaniagiza nitafsiri: wasiandike majina, waandike ukweli, hakuna atakayejua nani kaandika nini. Niliapa mbele yao kwa mdomo huu huu. Wakaandika. Kisha bwana mtafiti akaenda kula, rundo zima akamwachia direkta wetu, yaani mkuu wa shule, alipange. Ndiyo elimu yao hiyo: unaomba siri za watoto, halafu unaziacha mezani kwa mtu wanayemwogopa.

Direkta akaniita. Karatasi moja ilisema, kwa Kiswahili cha huku kwetu: "Tunaacha shule sababu direkta anatutumikisha mu shamba yake ya muhogo. Benye kukataa anabapiga."

"Mwalimu, hii maandiko ni ya nani?"

"Mi sijue, Direkta. Haiko na jina."

"We unasahihisha madaftari yabo kila siku, na haujue? Ao ni we ulimufundisha kuandika hivi?" Akacheka. "Ile nyumba ya shule unalala, bamwalimu wengi banaitaka."

Nikasema. Sikupigwa, sikufungwa. Nilitaja tu jina la msichana wa miaka kumi na tatu, nitamwita Riziki. Kesho yake alifukuzwa shule, eti hana adabu. Baba yake, mkulima, alitembea kwa miguu kutoka kijiji cha mbali cha Kilembwe kuja kumchukua. Akanishika mikono yote miwili.

"Aksanti, Mwalimu. Najua we ulimutetea."

Aliniletea kuku, nikampokea. Tulimla, wasomaji, na mimi ndiye niliyetafuna paja.

Sasa mtafiti ameandika kwamba majibu yalimpendeza sana, anarudi Jumatatu na karatasi nyingine, na mimi niape tena. Nikiwaonya watoto, nitafukuzwa kazi, na mke wangu na watoto wetu sita watalala nje. Nikiapa, najua karatasi zitapita mezani kwa nani.

Msinipe pole, inanichefua. Nishaurini: watoto wale wale watakaponitazama wakisubiri nitafsiri, niwaambie nini?