Mkalimani na Mkazamwana

Niliapishwa kuwa mkalimani katika mahakama moja ya Kisii miaka michache baada ya uhuru, nikiwa nimevaa koti la kuazima lililonibana kwapani. Karani mkuu, mzee asiyecheka ovyo, alinionyesha pa kusimama, kati ya kizimba na meza ya hakimu.

"Wewe ni mdomo wa mahakama," aliniambia. "Mdomo hauna ukoo."

Nilivimba kichwa. Ninyi mnaosomea sheria leo mnajua uzito wa ushahidi. Mimi nilidhani ni maneno ya kugeuzwa tu, kutoka Ekegusii hadi Kiswahili, basi.

Mwaka uliofuata ililetwa kesi kutoka upande wa Itumbe. Mlalamikaji alikuwa mama kijana aliyekuwa akichuma majani chai alipovamiwa na jirani. Nilipomwona nilishtuka: alikuwa mke wa mtoto wa ndugu yangu. Kwetu, mimi ni baba mkwe wake, na tuna chinsoni, miiko ya heshima. Mkazamwana hataji mambo ya mwili mbele ya baba mkwe, hata awe mgonjwa.

Nilimweleza hakimu, mtu wa pwani, nikaomba mkalimani mwingine. Akasema hayupo, na kesi imeahirishwa vya kutosha.

"Hapa wewe si baba wa mtu," alisema. "Muulize alifanywa nini."

Nikauliza. Niliyatamka maneno yale kwa lugha ya mama yangu, huku jasho likinitoka. Yule mama alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwani.

"Tata, wewe usiniulize hivyo," alisema, akiniita baba.

Nikamtafsiria hakimu. Akaniamuru nirudie swali. Safari hii mama hakujibu kabisa. Bila maneno yake, ikaamuliwa kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu, yaani aende zake bila hata kujitetea. Alitoka akitabasamu. Niliona aibu ambayo sijaivua hadi leo.

Baadaye nilihamishiwa Nyamira, nikapanda cheo, nikastaafu na saa ya ukutani. Nasikia siku hizi shahidi wa namna ile husikizwa faraghani. Ni vizuri. Kwake siku hizo zilichelewa.

Sasa ana wajukuu. Tukikutana hunipisha njia, akanisalimu kwa mbali ameinamisha kichwa. Nami humwitikia nikitazama chini. Majirani hutusifu, wanasema sisi bado tunashika heshima ya zamani. Sijawahi kuwasahihisha.